Je, wajua kwa nini betri ya simu inachoka hata ukiitunza?

Simu ikiwa mpya unatoka nayo asubuhi na chaji mia, unarudi usiku bado ina thelathini na kitu. Miaka miwili baadaye simu ni ileile, hujaidondosha wala hujaimwagia maji, lakini saa nane mchana ushaanza kutafuta chaja. Sasa ile chaji nyingine imeenda wapi?

Wengi tunadhani umeme unavuja, yaani betri imekuwa kama ndoo iliyotoboka. Sivyo. Betri nyingi zilizochoka hazivuji kitu, umeme ukiuweka unakaa vizuri tu, ila zinabeba kidogo kuliko mwanzo. Kilichopungua ni lithiamu yenye uwezo wa kutembea, na kinachoila ni kitu ambacho bila hicho betri yenyewe isingefanya kazi hata siku moja. Hapo ndo utamu wa habari hii ulipo, maana mimi niliposoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa mara tatu nikidhani sijaelewa.

Tuanze na ndani kukoje. Betri ya lithiamu ina pande mbili, katikati kuna karatasi nyembamba ya plastiki yenye vitundu vidogo sana, na yote imeloweshwa kwenye kimiminika kinachoitwa elektroliti. Upande hasi ni grafaiti, ileile ya kwenye penseli. Upande chanya mara nyingi kwenye simu ni oksaidi ya kobalti na lithiamu. Ukichomeka chaja, ioni za lithiamu, yaani chembe za lithiamu zilizoachana na elektroni zake, zinatoka upande wa kobalti, zinaogelea kwenye kimiminika, zinaenda kujipachika katikati ya matabaka ya grafaiti, na elektroni zao hazipiti humo ndani, zinazungukia nje kwenye waya. Ukichomoa chaja na kuanza kutumia simu safari inageuka, ioni zinarudi zilikotoka na elektroni zikiwa njiani kurudi ndo zinawasha kioo chako. Kwahiyo betri haizalishi kitu, ni lithiamu inaenda na kurudi, inaenda na kurudi.

Na kuna jambo moja naona watu wengi hawajui. Grafaiti inabadilika rangi inapomeza lithiamu. Mwanzo ni ya kijivu-nyeusi, ikianza kushiba inaenda kwenye bluu, halafu inakuwa nyekundu, na ikifika lithiamu 1 kwa kila kaboni 6, ambapo haiwezi kupokea tena, inang'aa rangi ya dhahabu. Watafiti wanatengeneza betri ndogo yenye kidirisha cha kioo, wanaiweka chini ya hadubini na kuchaji polepole huku wanaangalia ile dhahabu ikitambaa kutoka ukingoni kuelekea ndani. Simu yako ikiwa imejaa chaji, ndani humo giza lote kuna utepe wa rangi ya dhahabu umekunjwa, na hakuna anayeuona.

Sasa tatizo linaanzia hapohapo kwenye dhahabu. Grafaiti iliyoshiba lithiamu inakuwa kali sana, inakaribia ukali wa lithiamu chuma yenyewe, yaani lithiamu tupu isiyochanganywa na kitu, na hakuna kimiminika kati ya vinavyotumika ambacho kinaweza kuigusa kikabaki salama. Kwahiyo betri inapochajiwa mara ya kwanza kabisa huko kiwandani, elektroliti inayogusa grafaiti inaharibika papo hapo, na mabaki yake yanaungana na lithiamu yanaganda juu ya grafaiti yakawa kama kigaga. Chukulia kidonda: damu ikitoka inaganda, inafanya kigaga, na kigaga ndo kinazuia damu nyingine isitoke. Hiki cha betri nacho ni hivyohivyo. Kina unene wa makumi ya nanomita tu, na unywele wa binadamu ni kama nanomita 80,000 kwa hiyo fikiria mwenyewe. Kinaruhusu ioni za lithiamu zipite lakini kinazuia elektroni zisifikie kimiminika, na elektroni zikizuiwa uharibifu unasimama. Mkemia Emanuel Peled wa Tel Aviv ndo alikielezea mwaka 1979, na kwenye maandiko ya kisayansi utakiona kwa herufi tatu, SEI.

Bila kigaga hicho hakuna betri za leo, na hili si neno la kutia chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rachid Yazami, mwanasayansi wa Morocco aliyekuwa Grenoble huko Ufaransa, alionyesha kwamba grafaiti inaweza kupokea lithiamu na kuirudisha, ila yeye alitumia elektroliti isiyo kimiminika. Ukiweka kimiminika kilichokuwa kinatumika sana wakati ule, propilini kaboneti, grafaiti inachanika ganda kwa ganda kama kitabu kilicholowa maji. Akira Yoshino wa Japani alipotengeneza betri yake mwaka 1985 akaikwepa grafaiti, akatumia kaboni nyingine inayotokana na mafuta ghafi, na Sony walipoingiza betri za namna hiyo sokoni mwaka 1991 nao hawakuanza na grafaiti. Mwaka 1990 kundi la mtafiti Jeff Dahn huko Kanada likaonyesha kwamba ukitumia ethilini kaboneti kigaga kinaganda vizuri na grafaiti inapona. Ukizichora hizo molekuli mbili tofauti yake ni kaboni 1 na hidrojeni 2. Basi. Hivyo vitu vitatu vidogo ndo vilikuwa vinapasua grafaiti miaka yote ile.

Ila kigaga hakikai kimya. Grafaiti ikimeza lithiamu inavimba kama asilimia 10, ikiitoa inanywea, na kila ikivimba kigaga kinapata nyufa kidogo, kwenye ufa kimiminika kinaigusa grafaiti tena, kinaharibika tena, kigaga kipya kinaota. Na kigaga kinajengwa kwa lithiamu. Lithiamu iliyoingia humo haitoki tena, imeshakuwa ukuta. Kwenye ule mzunguko wa kwanza kiwandani peke yake inaweza kupotea kama asilimia 5 hadi 10, kabla hata simu haijafika mkononi mwako, halafu kuanzia hapo ni kidogokidogo.

Huo udogo wenyewe ndo unaleta balaa, hebu piga hesabu. Tuseme kila ukichaji, lithiamu inayorudi salama ni asilimia 99. Inasikika vizuri sana, si ndiyo? Zidisha hiyo kwa yenyewe mara 500 utabakiwa na chini ya asilimia 1, yaani betri imekufa kitambo. Ikirudi asilimia 99.9, baada ya mara 500 unabaki na kama asilimia 61. Ikiwa 99.99 unabaki na 95. Maisha yote ya betri yako yapo kwenye ile 9 ya mwisho baada ya nukta, na watu wanatumia miaka yao ya utafiti kutafuta 9 moja zaidi. Maabara ya Dahn, iliyopo Chuo Kikuu cha Dalhousie mjini Halifax, walitengeneza chaja zao wenyewe zenye vipimo makini kupita kawaida ili wazione hizo nukta ndani ya wiki chache, maana vinginevyo unakaa miaka unasubiri betri ife ndo ujue ulichochanganya kilisaidia au la.

Afadhali moja ipo: kigaga kikinenepa, kimiminika kinapata shida zaidi kukutana na elektroni, kwahiyo kasi ya kukua inapungua. Ndo maana betri nyingi zinashuka upesi kidogo mwanzoni halafu zinatulia kwa muda mrefu.

Sasa hapa ndo unaelewa yale mashauri tunayopewaga kila siku bila sababu. Joto ni baya kwa kuwa kemia ya kukuza kigaga inakwenda mbio kwenye joto. Kuiacha simu kwenye 100 usiku kucha kila siku, na hasa ikiwa ya moto, ni kuiacha grafaiti kwenye ile dhahabu kali masaa mengi, na upande wa pili nao kobalti inakuwa na njaa ya elektroni inaanza kukwangua kimiminika. Na hiyo 100 ya kwenye kioo si mia kweli, ni pale walipoamua kusimama, kwa sababu oksaidi ya kobalti ukiinyang'anya zaidi ya nusu na kidogo ya lithiamu yake matabaka yake yanaanza kuharibika, kwahiyo sehemu kubwa ya lithiamu iliyomo haiguswi kabisa.

Baridi nayo ina ubaya wake ila wa aina nyingine. Ukichaji betri ikiwa chini ya nyuzi 0, au ukiisukumia umeme mwingi kwa fujo, ioni zinafika kwenye grafaiti kwa wingi kuliko zinavyoweza kuingia, zinabanana mlangoni na kugeuka chuma cha lithiamu hapo juu. Chuma hicho kinaweza kuota kama miiba, na mwiba ukitoboa ile karatasi ya katikati pande mbili zinagusana, hapo si habari ya kuchoka tena ni moto. Hii ndo iliyoua betri za lithiamu chuma za mwanzo. Mkemia Stanley Whittingham alikuwa ameshaonyesha njia miaka ya 1970 akiwa kampuni ya mafuta ya Exxon, lakini kampuni ya Kanada, Moli Energy, ilipoziuza kwa simu huko Japani zikashika moto na mwaka 1989 ikabidi zirudishwe.

Kuna wanaosema basi tuachane na grafaiti tuweke silikoni, inabeba lithiamu karibu mara 10 kwa uzito uleule. Kweli inabeba, lakini ikishiba inavimba mpaka ujazo wake unafika kama mara 3 au 4. Kidonda kinachofunguka hivyo kila siku kigaga kitakaaje? Kinapasuka chote, kinaota upya, lithiamu inaisha. Ndo maana silikoni nyingi mpaka sasa inachanganywa kidogo na grafaiti, na kazi kubwa inafanyika kwenye gundi, kwenye kuisaga iwe chembe za nanomita, na kwenye matone ya kemikali ya kuongeza kwenye elektroliti ili kigaga kiwe na unyumbufu. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye matumaini makubwa kuliko kwenye vichwa vya habari vinavyosema betri ya ajabu imegunduliwa, hizo tunazisikiaga kila mwezi.

Kazi yenyewe inafanyika taratibu mno. Mtafiti anasimama mbele ya sanduku la kioo lililojaa gesi ya agoni, mikono ameitumbukiza kwenye glavu nene nyeusi zilizofungwa ukutani mwa sanduku, humo unyevu hautakiwi kuzidi sehemu 1 kwa milioni kwa sababu chumvi ya elektroliti ikikutana na maji inatoa asidi ya haidrofloriki inayotafuna kila kitu. Kwa koleo anaweka kidude cha shaba kilichopakwa unga mweusi wa grafaiti, anaweka karatasi, anadondosha matone machache, anaweka upande wa pili, anaminya kifuniko. Kinatoka kibetri cha duara kama sarafu, upana milimita 20. Anakipeleka kwenye mashine, na anasubiri.

Kikifa anarudi nacho kwenye sanduku lilelile anakifungua. Grafaiti ipo, kobalti ipo, pengine kuna mabaka ya kijivu pale chuma kilipoota, na juu ya kila chembe nyeusi kuna kile kigaga. Lithiamu yote iliyokuwemo siku ya kwanza bado imo, ila sehemu yake imekwama kwenye kigaga. Ndiyo maana kuna watafiti wengine ambao hawataki betri kuukuu ziyeyushwe, wanauchukua ule unga wa upande chanya, ambao muundo wake mara nyingi bado ni mzima, wanaurudishia lithiamu iliyopungua na kuuchoma upya kwenye tanuri, halafu unawekwa kwenye betri nyingine uanze safari za kwenda na kurudi.