Mashine ya bronzi ikiwa kahawia haijashika kutu
Wengi wakiona mashine yao ya kunyolea ya bronzi, ile ya mkono inayotiwa wembe ndani, imegeuka kahawia, husema imeshika kutu na kuitupa. Inasikitisha, maana kutu ni ugonjwa wa chuma, na bronzi ni shaba iliyochanganywa na madini ya bati. Ile rangi ni utando mwembamba unaotokea shaba inapokutana na hewa na unyevu, nao huikinga shaba iliyo chini yake. Mimi naupenda. Usipoupenda, futa kwa maji ya limau, suuza vizuri, kausha.

Ila unga wa kijani ukijitokeza kwenye hesi za mpini, usugue utoke kabla ya kunyoa. Kinachoshika kutu kweli ni wembe wa ndani; huo ubadilishe.