Kwenye gemu za vita unapigwa kabla hujajua kama umepigwa

Wakuu habari zenu, salamu kutoka Nyakato, Mwanza. Mimi kazi yangu ni kompyuta, natengeneza mashine na kuunga netiweki, na jioni kazi zikipungua naunga mashine kadhaa kwa waya tunacheza gemu za vita na madogo wa mtaani. Swali ninaloulizwa kila siku ni "braza, gemu gani ya vita ndo kali kuliko zote", na nikijibu Age of Empires II wengine wanakata tamaa palepale kwasababu ni ya 1999 na wao wamezoea picha za kung'aa. Leo naandika kirefu ili nisirudie tena.

Kigezo changu ni kimoja. Gemu ya vita iliyotengenezwa vizuri, ukipigwa unaweza kurudi nyuma ukanyoosha kidole, hapa ndo nilipoipoteza, na mara nyingi utakuta pale unaponyoosha kidole hapakuwa na mapigano yoyote, hata mshale mmoja haukurushwa. Gemu za kizamani ninazozikubali zote ziko hivyo, tofauti yake ni mahali ambapo kila moja imeficha hiyo sehemu ya kupotelea.

Tuanze na Age of Empires II yenyewe. Unaanza na jengo kuu la mji, wanakijiji 3 na mpanda farasi mmoja wa kukagua ramani. Mwanakijiji mpya anakugharimu chakula 50 na anatoka baada ya sekunde 25, basi, hiyo ndo injini ya gemu nzima. Sasa anachofanya dogo mgeni, anasikia kwamba kwenda zama ya pili, yaani ngazi inayofuata ya gemu, inadai chakula 500, anaanza kubana matumizi, anasimamisha kuzalisha watu ili chakula kijae haraka. Dakika mbili jengo limelala. Piga hesabu, dakika mbili ni sekunde 120, gawa kwa 25, hapo kuna karibu watu 5 hawajazaliwa. Mwanakijiji mmoja akiwa porini anakuletea kama kuni 20 hivi kwa dakika, kwahiyo hao 5 ni kuni 100 kila dakika, na askari wa mkuki anataka chakula 35 na kuni 25, maana yake kila dakika inayopita mwenzako ana kuni za mikuki minne ambayo wewe huna. Na haiishii hapo, inaendelea kila dakika mpaka mwisho wa mechi. Ndo maana dakika ya ishirini jeshi linakuja mlangoni unaanza kulalamika kwamba jamaa ana bahati au kachagua taifa lenye nguvu, wakati uligongwa dakika ya tano na hakuna aliyekugusa.

Kuna na kosa dogo la nyumba. Nyumba moja inabeba watu 5, ukisahau kujenga uzalishaji unasimama wenyewe, na unaweza kukaa nusu dakika hujui kwasababu macho yako yako kwa farasi kule msituni. Mambo ya mkuki kuua farasi, mshale kuua mkuki, farasi kuua mshale, hayo mtu anayajua siku ya kwanza. Jeshi likiwa juu ya kilima nguvu ya pigo lake inaongezeka kwa robo nzima, hiyo nayo sisi watu wa mawe na vilima tunaielewa bila kufundishwa. Lakini kuzuia jengo kuu lisilale hata sekunde kumi, hiyo inamchukua mtu miezi.

Na yule farasi wa kukagua usimdharau. Kondoo kwenye hii gemu hawana mwenyewe wa kudumu, ukimkuta kondoo wa jirani hana mtu karibu anakuwa wako. Nimeona mechi imeisha kwasababu mtu mmoja alizungukwa akaibiwa kondoo wawili mwanzoni kabisa, chakula kikakata, uzalishaji ukasimama, mengine yote yakafuata.

Red Alert ya Westwood Studios, 1996, ni hadithi nyingine. Kule uchumi una magurudumu. Lori linaenda kuchota madini, linarudi kiwandani kumwaga, unapata pesa. Kiwanda ni 2000 na kinakuja na lori moja, lori la pili unanunua 1400, na hiyo ndo bei ya vifaru vyepesi viwili. Sasa fikiria vizuri hapo: ukituma vifaru vyepesi viwili vikalipuka vyote lakini vimeondoka na lori moja, bei zimelingana, ila wewe umepoteza bunduki na mwenzako amepoteza mshahara. Madogo wengi wanakusanya vifaru kumi na tano nyumbani wakisubiri siku ya kupiga geti la mbele, na geti la mbele ndo pana mitambo ya Tesla, zile nguzo za kurusha umeme. Mimi nawaambia wazunguke kule kwenye madini. Halafu kuna umeme, zima mitambo yake ya umeme tu, rada inakufa, Tesla inakufa, uzalishaji unakuwa wa kukokota, hujapiga ukuta hata mmoja. Na muziki wa Frank Klepacki kwenye hii gemu jamani, mpaka leo ukianza kulia mle ofisini kila mtu anakaa vizuri kwenye kiti.

Mtoto wa huo ukoo ni Command & Conquer: Generals na nyongeza yake Zero Hour, zote za 2003, na hii nimeikuta kwenye mashine nyingi sana zilizoletwa kwangu, kuliko gemu nyingine yoyote ya aina hii. Pesa za mwanzo unazichukua kwenye marundo ya mizigo yaliyotawanyika kwenye ramani, na marundo yanaisha. Hapo ndo watu wanapopotelea. Mtu anatumia rundo la karibu na nyumbani lote kwenye vifaru, likiisha hana kitu, wakati mwenzake wa China alishaweka wale vijana wake wa kudukua wanaingiza pesa wamekaa, wa GLA, wale waasi wa kubuni wa gemu hii, kajenga soko lake la magendo, wa Marekani anadondoshewa mizigo na ndege. Utasikia "kanizidi makombora", hapana, alikuzidi dakika ile ulipoona rundo limebaki robo ukanyamaza. GLA majengo yao hayatumii umeme kabisa, kwahiyo ile mbinu ya Red Alert ya kuzima umeme kwao haifanyi kazi, na hiyo ndo raha ya hii gemu, kila upande una donda lake mahali tofauti.

Sasa ninayoipenda kimya kimya ni Rise of Nations, 2003 pia, ya Brian Reynolds na wenzake wa Big Huge Games. Haikupata jina kubwa huku kwetu ila ina kitu kimoja cha ajabu. Nchi zina mipaka, na adui akishafanya utafiti unaohusika, jeshi lako likivuka mpaka wake linaanza kuisha afya lenyewe hata kama hakuna aliyelipiga, mpaka utembee na gari la mahitaji. Mtu anapeleka jeshi kubwa bila gari, likifika linakuta limeshanyong'onyea, linachapwa na walinzi wachache.

Hapo ndo huwa nawaambia madogo waliangalie ziwa lao. Vita ya kwanza ya dunia ilipiganwa mpaka humu Victoria, Mwingereza upande wa kule na Mjerumani upande wetu. Ukisoma mambo ya mizinga tu utadhani mizinga ndo iliamua. Lakini Mwingereza reli yake ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901, na meli zake kama Winifred na Sybil zilikuja vipande vipande zikaungwa palepale Kisumu, kwahiyo vita inaanza 1914 yeye ana meli, ana gati, na ana njia ya kuleta mzinga na risasi kutoka baharini. Mjerumani ziwani alikuwa na kiboti chake Muansa, na reli yake ya kati ilifika Kigoma 1914 ikatupita kwa mbali, reli ya Tabora mpaka Mwanza ilikuja kukamilika 1928 wakati yeye keshaondoka zamani. Juni 1915 Waingereza wakavuka ziwa wakaivamia Bukoba wakabomoa mtambo wa mawasiliano, Julai 1916 wakaichukua Mwanza. Mimi nikiiangalia kama mchezaji naona ziwa liliamuliwa na reli iliyofika gati miaka 13 kabla ya risasi ya kwanza. Na kule ambako hakukuwa na reli, mahitaji yalibebwa vichwani na wapagazi, babu zetu, na waliokufa kwa njaa na magonjwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Hili la wapagazi linaniuma, na hakuna gemu hata moja ninayoijua inayokuonyesha gharama hiyo. Gari la mahitaji la Rise of Nations likilipuka unanunua lingine, basi.

Tangu nilipoielewa hiyo historia nacheza ramani ya Islands, yaani ya visiwa, kwenye Age of Empires II tofauti kabisa. Gati kwanza. Mtumbwi wa kuvua ni kuni 75 tu na hautoki kwenye jengo kuu, kwahiyo huku wanakijiji wanazaliwa na huku samaki wanaingia, injini mbili kwa wakati mmoja. Asiyejenga gati mapema hata akija kutengeneza merikebu baadaye atakuta maji yana mwenyewe. Na kwenye mapigano ya maji kumbukeni: meli za moto zinazimaliza meli za mishale, meli za mishale zinazimaliza zile za kujilipua, na za kujilipua zikizifikia za moto zimekula.

StarCraft ya 1998 sitaisema sana maana watu wa Korea Kusini wameigeuza kuwa ajira kamili, wana uchambuzi wa kutosha. Itoshe kusema pande zake tatu hazifanani hata kidogo na bado zinalingana nguvu, na mpaka leo naona ni kazi kubwa kuliko zote za wabunifu wa gemu za aina hii.

Kuzipata hizi siku hizi hakuna haja ya kuhangaika na sidii zenye mikwaruzo. Red Alert wenye nayo waliiachia bure 2008, na kuna OpenRA, iliyoundwa upya na mashabiki, ambayo ni ya bure na inaenda vizuri kwenye mashine za sasa. StarCraft ya kwanza ilifanywa bure 2017. Age of Empires II ina toleo jipya la 2019 la kulipia, ila lile la zamani liliomba ramu ya megabaiti 32 tu, kwahiyo hata ile kompyuta ya nyumbani inayosemwa imekufa inaweza kulibeba.

Ukishaiweka Age of Empires II, wiki ya kwanza usipigane. Fungua mechi na kompyuta, bonyeza F11 uone saa ya gemu, tumia H kurudi kwenye jengo kuu na kitufe cha nukta kumtafuta mwanakijiji aliyesimama bila kazi. Cheza dakika 10 bila kupanda zama, halafu simamisha uhesabu watu. Kama jengo halikulala hata sekunde moja unatakiwa uwe na wanakijiji 27. Ukikuta 19, rudia mchezo palepale na uangalie ni wapi hao 8 walibaki.