Desibeli bila rejea: dhana potofu kuhusu vizio vya logariti kwenye faili za data

Juzi nilikabidhiwa faili ya vipimo vya kelele vya kando ya Barabara ya Tom Mboya, hapa Nairobi. Tarakimu zilikuwa maelfu, na mahali pa kizio paliandikwa "dB", basi. Aliyepima alishahama kazi zamani. Dhana zilizozaa faili ile nazikuta kwa wanafunzi na hata kwa waliobobea.

Dhana: "dB" ni kizio kama mita au kilo.

Desibeli husema tu kitu kimekizidi kingine kwa kiasi gani. Hicho kingine ndicho rejea, na kisipotajwa tarakimu inaning'inia. Kwa sauti ya hewani rejea ya kawaida ni mikropaskali 20. Kwa sauti ya majini ni mikropaskali 1. Shinikizo lile lile likihesabiwa kwa rejea ya majini hupanda kwa takriban desibeli 26. Kwa hiyo anayepima honi za matatu Ngara na anayesikiliza pomboo Watamu, wote wakiandika "dB 90", wamesema mambo mawili tofauti kabisa.

Kuna pia chujio A, linalofuata usikivu wa sikio la binadamu. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 huweka viwango kwa dB(A). Kwa maoni yangu chujio hilo likae kwenye jina la kinachopimwa, maana halibadilishi kizio, hubadilisha kipimo chenyewe.

Dhana: logariti haina kizio, kwa hiyo andika "1".

Kihesabu ni kweli kwamba uwiano hauna kizio. Lakini ukiandika "1" umetupa rejea. Maktaba ya UDUNITS, inayosoma vizio kwenye faili nyingi za netCDF (muundo wa faili za data za kisayansi), inakuruhusu kuibeba rejea humo humo: "lg(re 1 mW)" ni logariti ya nguvu dhidi ya miliwati 1, na ukitanguliza 0.1 unapata desibeli.

Dhana: wastani ni kujumlisha na kugawanya.

Hapa ndipo panapoumiza zaidi. Tuseme saa moja ilikuwa na desibeli 60 na iliyofuata 80. Wengi watasema wastani ni 70. Lakini kila desibeli 10 huzidisha nguvu mara kumi, kwa hiyo 80 ina nguvu mara mia ya 60, na wastani wa nguvu zenyewe, ukirudishwa kwenye desibeli, ni 77. Mkazi wa ghorofa iliyo juu ya klabu anaijua tofauti hiyo bila kikokotoo.

Rada ya mvua, ambayo mwakisiko wake huandikwa kwa dBZ, yaani desibeli za mwakisiko zenye rejea yake, nayo ni vivyo hivyo. Mwakisiko wa dBZ 20 na wa dBZ 40 una wastani wa 37, si 30, na makadirio ya mvua yanabadilika pamoja nao.

Kasoro iko pia kwenye metadata, yaani maelezo yanayoambatana na data. Kanuni za CF, zinazoongoza uandishi wa maelezo hayo kwenye faili za netCDF, zina sifa iitwayo cell_methods, ambamo mtu huandika "mean" akaridhika. Neno hilo peke yake halisemi kama wastani ulichukuliwa juu ya desibeli au juu ya nguvu. Ongeza maelezo mafupi ndani ya mabano ya sifa hiyo. Ni sentensi moja, na inamwokoa atakayekuja baada yako.

Dhana: sifuri maana yake hakuna kitu.

La. dB 0 maana yake kipimo kimelingana na rejea. Thamani hasi za dBZ ni halali na rada huziona. Pengo la data lijazwe kwa _FillValue, thamani maalumu ya kuonyesha kwamba data haipo, kamwe lisijazwe sifuri.

Dhana: ukitoa dBZ kwenye dBZ unabaki na dBZ.

Unabaki na dB tupu. Rejea zimefutana, kilichosalia ni uwiano kati ya vipimo viwili. Faili ya tofauti iliyoandikwa dBZ itamfanya mtu aigeuze kuwa mvua.

Faili ile ya Tom Mboya bado ninayo. Nilitamani kuandika mikropaskali 20, kwani yaelekea ndivyo ilivyokuwa. Badala yake nimeandika kwenye maelezo: "Rejea na chujio havikurekodiwa."