Ashwagandha: Kilichopimwa na Kinachouzwa

Maswali kuhusu ashwagandha, mmea wa tiba ya jadi ya India ambao mzizi wake huuzwa kama nyongeza ya lishe, yameongezeka, na mengi huanza kwa kauli ileile: "Huu ni mzizi tu, utanidhuru vipi?" Tangu Denmark ilipopiga marufuku bidhaa zake mwaka 2023, na taasisi za Ujerumani na Uholanzi zikatoa tahadhari zao mwaka 2024, limezuka pia kundi la pili linalotaka tutamke kwamba ni sumu. Makundi yote mawili yatabaki na njaa. Ushahidi upo, ila ni wa dondoo fulani (kiini kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea na kukolezwa), kwa kipimo fulani, kwa wiki chache, kwa watu wazima waliochujwa kwanza kuhakikisha hawana maradhi makubwa. Ukivuka mipaka hiyo umeuacha ushahidi nyuma, hata kama jina kwenye chupa ni lilelile.

Mmea wenyewe ni Withania somnifera, wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya na viazi mviringo. Jina la Kisanskriti limeunganisha neno la farasi na neno la harufu, kwa sababu mzizi mbichi unanuka hivyo. Matangazo yameigeuza harufu hiyo kuwa "nguvu za farasi", na farasi hajaulizwa. Kemikali zinazofuatiliwa zaidi maabara huitwa withanolaidi. Zimo kwenye mizizi na kwenye majani pia, lakini majani yana withaferini A kwa wingi zaidi, kemikali inayoua seli zikiwa kwenye vyombo vya maabara. Majani ni rahisi kuvuna, hivyo kishawishi cha kuyachanganya kipo. Mwaka 2021 wizara ya India inayosimamia tiba za jadi, AYUSH, iliwataka watengenezaji wajiepushe na majani na kubaki na mzizi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni sehemu gani ya mmea imetumika. Asiyejua hilo hana la kukueleza kuhusu mengine.

Majaribio yanasema nini

Msongo wa mawazo ndiko ushahidi ulikosimama vizuri zaidi. Jaribio linalonukuliwa sana ni la India, la mwaka 2012. Watu 64 wenye msongo wa muda mrefu waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa dondoo ya mzizi miligramu 300 mara mbili kwa siku, nusu vidonge vitupu vinavyofanana kwa sura, kwa siku 60. Alama za msongo zilishuka kwa asilimia 44 kwa waliopata dondoo, dhidi ya asilimia 5.5 kwa wenzao. Homoni ya kotisoli katika damu ilishuka kwa asilimia 27.9 dhidi ya 7.9.

Tarakimu hizo zinavutia, na ndiyo maana zinafaa kusomwa polepole. Msomaji aliyezoea majaribio ya namna hii hushtushwa na ile 5.5 kuliko ile 44. Mtu anayeamini anatibiwa msongo, anayepigiwa simu na kuulizwa hali, kwa kawaida hupata nafuu ya kuonekana hata kama kidonge chake ni kitupu. Kundi la vidonge vitupu lisiposogea kabisa, dondoo huonekana shujaa kupita kiasi. Majaribio yaliyofuata yamekubaliana na mwelekeo, ila ukubwa wa matokeo umetofautiana sana, na mengi yamefanywa kwa fedha au bidhaa za watengenezaji. Hilo halifanyi matokeo kuwa ya uongo. Linafanya yahitaji kurudiwa na wasio na cha kuuza.

Halafu kuna hili la kotisoli. Wapo wanaoizungumzia kana kwamba ni uchafu wa kusafishwa mwilini. Kotisoli ndiyo inayopanda alfajiri ikakuamsha, ikashuka usiku ukalala, na ndiyo inayokushikilia unapougua. Kushuka kwake kwenye karatasi ya maabara si afya. Ni namba tu, mpaka ulinganishe na jinsi mtu anavyojisikia na anavyofanya kazi.

Usingizi una ushahidi wa wastani. Uchambuzi wa mwaka 2021 ulijumlisha majaribio 5 yenye washiriki 400 na kukuta faida ndogo lakini ya kweli, iliyoonekana zaidi kwa wenye tatizo la kukosa usingizi, kwa kipimo cha miligramu 600 au zaidi kwa siku, na kwa muda wa wiki 8 au zaidi. Anayemeza kidonge kimoja saa tatu usiku akitarajia kusinzia saa nne ameichanganya na dawa ya usingizi.

Kuhusu misuli, wauzaji wa kwenye mazoezi hutaja jaribio la mwaka 2015 la wanaume 57 waliokuwa wageni katika kunyanyua vyuma. Baada ya wiki 8, uzito waliomudu kusukuma wakiwa wamelala kwenye benchi uliongezeka kwa kilo 46 kwa waliomeza dondoo. Mara chache hutajwa kwamba wenzao wa vidonge vitupu nao waliongeza kilo 26.4. Zaidi ya nusu ya ongezeko lote, kwa maneno mengine, linaelezwa na mazoezi yenyewe. Anayeanza mazoezi na chupa siku moja hawezi kujua kipi kimempa nini, na tangazo litamsaidia kukosea.

Saratani, kisukari, "kusafisha damu", kurudisha ujana: hapa kuna seli kwenye vyombo, panya, na majaribio machache dhaifu ya binadamu. Anayeacha dawa aliyoandikiwa akategemea haya anafanya jambo la hatari, na hatuna lugha laini ya kulisema.

Kwa nini majaribio hayakuona madhara

Tunaambiwa: "Majaribio yote yamesema ni salama." Hesabu ni hii. Jaribio la watu 60 huwa na watu 30 hivi wanaomeza kitu chenyewe. Kama hakuna hata mmoja aliyepata dhara fulani, wataalamu wa takwimu huchukua 3 wakagawanya kwa idadi hiyo: 3 kwa 30 ni asilimia 10. Maana yake dhara linaloweza kumpata hadi mtu 1 katika 10 bado lingeweza kupita bila kuonekana. Dhara la mtu 1 katika maelfu halionekani kabisa. Hoja ya matumizi ya karne nyingi nayo ina tundu lilelile: nani alikuwa anapima vimeng'enya vya ini karne hizo? Tena kilichotumika kwa kawaida kilikuwa unga wa mzizi, na si dondoo iliyokolezwa mara kadhaa.

Geuza chupa, soma maandishi madogo

Chupa ya kwanza imeandikwa "unga wa mzizi, miligramu 600". Ya pili "dondoo ya mzizi, miligramu 600, withanolaidi asilimia 5". Watu huzihesabu kuwa sawa na kuchukua ya bei nafuu. Unga wa mzizi kwa kawaida huwa na withanolaidi chini ya asilimia 1. Tukichukua nusu asilimia, kidonge cha kwanza kinabeba miligramu 3 na cha pili miligramu 30. Ni tofauti ya mara kumi ndani ya namba moja ya 600. Ndiyo maana matumizi ya jadi yanataja gramu 3 hadi 6 za unga kwa siku, wakati majaribio mengi ya dondoo yametumia miligramu 240 hadi 600. Aliyesoma kipimo cha unga akakimezea dondoo hajazidisha kidogo.

Chupa ya tatu inasema "dondoo 10:1". Hiyo ni kilo 10 za mzizi kutoa kilo 1 ya dondoo. Withanolaidi ni ngapi? Haisemi. Ya nne inasema "mchanganyiko maalumu, miligramu 1,200" na kuorodhesha mimea 9 bila kiasi cha kila mmoja. Hiyo iache hapohapo ilipo.

Hata asilimia nayo ina mambo yake. Njia ya zamani ya kupima kwa kukausha na kukipima uzito kilichobaki huhesabu pamoja na vitu visivyo withanolaidi, hivyo namba hutoka kubwa. Kromatografia ya kimiminika hutenganisha kemikali moja moja na kutoa namba ndogo, ila ya kuaminika zaidi. Mtengenezaji makini hutaja njia aliyotumia, pamoja na cheti cha uchambuzi chenye namba ya toleo (kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja) inayolingana na iliyo kwenye chupa. Isipolingana, cheti hicho ni cha bidhaa nyingine. Cheti kionyeshe pia risasi, zebaki na aseniki: utafiti wa mwaka 2008 uliochunguza bidhaa 193 za Kiayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, zilizouzwa kwenye intaneti ulikuta moja kati ya tano hivi ina angalau moja ya metali hizo.

Kuna pia ile sentensi isemayo kwamba maelezo hayajatathminiwa na mamlaka ya chakula na dawa na kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Wengi huidhani ni muhuri wa kibali. Ni kinyume chake. Inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1994, ambayo haidai nyongeza ya lishe ipate idhini kabla ya kuuzwa. Muuzaji akidai bidhaa "inasaidia utulivu", anatakiwa kuweka sentensi hiyo na kuitaarifu mamlaka ndani ya siku 30 tangu aanze kuiuza na dai hilo. Akidai "inatibu wasiwasi" amevuka kutoka lishe kwenda dawa, na hapo hatua ni barua ya onyo, kuzuiwa kwa bidhaa, amri ya mahakama, na mashtaka yenye kifungo kisichozidi mwaka 1, kinachofika miaka 3 kwa anayerudia au anayekusudia kudanganya. Akipokea taarifa ya dhara kubwa, mwenye jina kwenye lebo ana siku 15 za kazi kuiwasilisha. Nchi nyingine zina taratibu zao, ila mstari kati ya "husaidia" na "hutibu" utaukuta karibu kila mahali. Kuhamisha dai kutoka kwenye lebo kwenda kwenye video ya mtandaoni hakumwondolei muuzaji wajibu, ingawa wengi wanajaribu.

Ini, tezi na dawa nyingine

Mwaka 2020 madaktari wa Iceland na Marekani waliripoti wagonjwa 5 walioumia ini baada ya kutumia ashwagandha. Dalili zilianza kati ya wiki 2 na 12: mwili kuwasha, macho kuwa ya njano, mkojo wa rangi ya chai. Walipoacha, walipona katika miezi 1 hadi 5. Ripoti zilizofuata kutoka India zilikuwa nzito zaidi kwa watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa sugu wa ini, na baadhi walifariki. Ni dhara la nadra, na halitabiriki kwa kuangalia kipimo pekee. Mwasho wa mwili mzima usio na vipele, hasa unaozidi usiku, usiutafutie mafuta ya kupaka. Acha bidhaa siku hiyohiyo na ukapime ini.

Tezi ya shingo nayo huguswa. Jaribio la mwaka 2018 la watu 50 wenye upungufu mdogo wa homoni za tezi lilionyesha homoni hizo zikipanda kwa miligramu 600 kwa siku ndani ya wiki 8. Wauzaji huisoma kama habari njema. Kwa mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi, au anayetumia levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi, ambayo kipimo chake kimeshapangwa, ni njia ya kufikia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka.

Wajawazito wasitumie. Hoja ya kuharibika kwa mimba ilikuwa sehemu ya tathmini ya Denmark ya mwaka 2020 iliyozaa marufuku. Wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa ini, wenye maradhi ya kinga kushambulia mwili, waliopandikizwa kiungo na wenye saratani ya tezi dume inayotegemea homoni nao wakae mbali. Anayetumia dawa za usingizi, kifafa, kisukari au shinikizo la damu amwambie mfamasia kabla, si baada. Kabla ya upasuaji iachwe angalau wiki 2, na mtoa usingizi aambiwe. Wanaotumia dijoksini, dawa ya moyo, waitaje ashwagandha wanapotolewa damu, kwa sababu baadhi ya vipimo vya kiwango cha dawa hiyo vinaweza kuchanganywa na kemikali za mmea huu na kutoa jibu lisilo sahihi.

Kutoa taarifa

Taarifa ya dhara huhesabiwa kamili ikiwa na mambo manne: mgonjwa anayetambulika (umri na jinsia vinatosha, jina si lazima), mtoa taarifa, bidhaa inayoshukiwa, na kilichotokea. Huhitaji uthibitisho wala daktari wa kukuruhusu. Shaka inatosha. Ongeza tarehe ya kuanza, tarehe ya dalili ya kwanza, tarehe ya kuacha, na kila kingine ulichokuwa unameza, pamoja na vile "vya asili" ambavyo watu huviacha kwa kuona havihesabiki. Taarifa za vituo vya kitaifa hukusanywa kwenye hifadhidata ya Shirika la Afya Duniani iliyoko Uppsala, Sweden, chini ya mpango ulioanza mwaka 1968. Huko ndiko visa vitano vya nchi tano vinapoonekana kuwa jambo moja.

Dalili zikiisha baada ya kuacha, andika zilichukua siku ngapi. Usimeze tena ili "kuhakikisha": ini lililoumia mara moja linaweza kuumia vibaya zaidi mara ya pili. Vidonge vilivyobaki viache ndani ya chupa yake, usivihamishie kwenye mfuko, na chupa usiitupe. Piga picha mbele, nyuma na chini, mahali namba ya toleo inapochapishwa kwa wino hafifu. Bila namba hiyo taarifa huingia kama "ashwagandha, mtengenezaji hajulikani". Hapo tunaweza kukuhesabu, lakini toleo lenyewe hatuwezi kuliondoa sokoni.