Je, wajua ni nini hasa kilichomtoa udenda mbwa wa Pavlov?

Kengele inalia, chakula kinaletwa. Kengele inalia, chakula kinaletwa. Rudia hivyo mara za kutosha, na siku moja kengele italia peke yake na mbwa atatokwa na udenda huku bakuli likiwa tupu. Ndivyo nilivyojibu kwenye mtihani wangu wa kwanza wa saikolojia. Nilipewa alama zote, na kwa miaka kadhaa nikawa nawaeleza watu vivyo hivyo bila haya. Jibu lile lina kosa moja dogo la kuchekesha, na jingine linalobomoa karibu kila kitu nilichodhani nimekielewa.

Tuanze na la kuchekesha, yaani kengele. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, alikuwa mtu wa vipimo. Alitaka ishara anayoweza kuianzisha na kuikatisha kwa sekunde anayoitaka yeye, na iwe na nguvu ileile leo na kesho. Kengele ya kutikisa kwa mkono haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu mkono una siku zake. Ndiyo maana katika maabara yake kule St. Petersburg kulikuwa na metronomu, kile kidude cha wanamuziki kinachogonga mapigo, pamoja na vyombo vya umeme vya kutoa mlio, taa, na hata vifaa vya kumgusa mbwa ngozi mahali maalumu. Wapo wanaovuka hapo na kudai kwamba Pavlov hakutumia kengele hata siku moja. Hilo nalo si kweli. Kengele ya umeme imo katika kazi zake, ila ni ishara moja tu kati ya nyingi. Na mimi dai hilo la pili nililiamini pia baada ya kuliacha la kwanza, kwa hiyo naweza kusema nimekosea pande zote mbili.

Kinachofurahisha zaidi ni kwamba kengele maarufu ipo kweli, lakini ina mwenyewe mwingine. Edwin Twitmyer, mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikuwa akichunguza namna mguu unavyoruka mbele mtu akigongwa kwa nyundo chini ya goti. Ili asiwashtue washiriki, alikuwa akipiga kengele kuwatahadharisha kabla nyundo haijashuka. Siku moja kengele ikalia, nyundo ikabaki juu, na mguu ukaruka. Mwenye mguu alisema hakukusudia kuurusha. Twitmyer aliyaandika hayo mwaka 1902, na mwaka 1904 akayasoma mbele ya mkutano wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Inasimuliwa kwamba William James, aliyekuwa akiongoza kikao, aliwaruhusu watu wakale chakula cha mchana badala ya kufungua mjadala. Basi ikaishia hapo.

Mwaka huohuo wa 1904 Pavlov alitunukiwa Tuzo ya Nobel, lakini wala haikuwa kwa ajili ya ishara na udenda. Alituzwa kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Alikuwa mwanafiziolojia, mtu wa kuchunguza namna mwili unavyofanya kazi, na saikolojia ya wakati ule hakuipenda sana. Taaluma hiyo ilikuwa changa. Wilhelm Wundt alikuwa amefungua maabara yake ya Leipzig mwaka 1879, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kumwomba mtu ajichungulie mwenyewe akilini kisha aeleze anachokiona humo. Pavlov alipendelea kitu kinachohesabika. Kwa upasuaji mdogo alielekeza mfereji wa tezi ya mate hadi nje ya shavu la mbwa, mate yakawa yanadondoka ndani ya chombo, tone moja baada ya jingine. (Maabara hiyohiyo ilikuwa ikikinga majimaji ya tumbo la mbwa na kuyauza kwa chupa, kama dawa ya watu wasiomeng'enya chakula vizuri. Nimeshindwa kuiacha habari hii.)

Tatizo lilikuwa kwamba mbwa walianza kutoa mate kabla ya wakati. Walitoa walipomwona mhudumu, au waliposikia tu nyayo zake. Kwa mtu anayepima mmeng'enyo, hiyo ni kero, sawa na mzani unaoonyesha uzito kabla mzigo haujawekwa. Mtafiti mwingine angewabadilisha wahudumu na kuendelea na kazi yake. Pavlov aliigeuza kero hiyo kuwa swali, akalifuatilia kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka 1936.

Sasa kosa kubwa. Kule Marekani, mwanasaikolojia John Watson alitangaza mwaka 1913 kwamba saikolojia iachane na habari za akilini ishughulike na tabia inayoonekana. Yeye na wafuasi wake walihitaji tofali la kujengea, na refleksi ya Pavlov, yaani itikio la mwili linalokuja bila kukusudiwa, ikawa tofali hilo. Hapo ndipo lilipoota mizizi lile wazo ninaloliita la gundi: vitu viwili vikitokea pamoja hunatana, na vikizidi kutokea pamoja hunatana zaidi. Mnyama hana analolitambua, anabandikwa tu.

Tafsiri nayo ilichangia. Neno la Kirusi alilotumia Pavlov kuielezea refleksi hii, uslovny, lina maana ya kitu chenye masharti, kitu kinachotegemea jambo jingine liwepo kwanza. Kwa Kiingereza likageuka kuwa neno lenye harufu ya kuzoeshwa. Tofauti yake si ndogo. Ukisikia "refleksi iliyozoeshwa" unafikiria marudio. Ukisikia "refleksi yenye masharti" unajiuliza: masharti gani?

Jibu liko karibu na methali tunayoijua wote, dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu hayakuwa dalili kwa sababu tu yameonekana pamoja na mvua mara nyingi. Yamekuwa dalili kwa sababu yakitanda uwezekano wa mvua unapanda, na yakitawanyika unashuka. Sasa chukua vyura. Tuseme unakaa karibu na bwawa ambalo vyura wake hulia usiku na mchana, masika na kiangazi. Kila mvua inaponyesha, unawasikia. Kwa hesabu ya gundi, umeshasikia vyura na mvua pamoja mara mia, kwa hiyo vyura wangepaswa kukukumbusha mwavuli. Lakini hawakukumbushi, kwa sababu wanalia hata jua likiwaka. Anayehesabu zile mara mia peke yake amesahau nusu ya daftari: siku ambazo vyura walilia na mvua haikuja, na siku ambazo mvua ilikuja bila wao.

Mwanasaikolojia Robert Rescorla aliipima nusu hiyo iliyosahauliwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1968. Panya walisikia mlio wa dakika mbili mara kwa mara, na katika kila mlio palikuwa na uwezekano wa asilimia 40 wa kupigwa shoti ya umeme. Kundi moja halikupigwa shoti wakati wa ukimya. Kundi jingine lilipigwa shoti katika ukimya kwa kiwango kilekile, asilimia 40 kwa kila dakika mbili. Angalia kwamba mlio na shoti vilikutana sawasawa katika makundi yote mawili. Gundi ingebandika sawasawa. Panya wa kundi la kwanza wakauogopa mlio. Wale wa kundi la pili, mlio haukuwashtua. Kwao ulikuwa kilio cha vyura.

Kuna jambo jingine gumu zaidi kuliamini. Rudi kwenye mawingu. Unayajua, unayaamini, yakitanda unaanua nguo. Sasa atokee mtu anayepuliza filimbi kila mawingu yanapotanda, kisha mvua inanyesha, siku baada ya siku. Je, siku filimbi ikilia mbingu zikiwa nyeupe, utakimbilia nguo? Pengine hutainuka hata kwenye kiti. Filimbi ilikuwa kweli tupu, haikukosea hata mara moja, lakini haikukuambia kitu ambacho mawingu hayakuwa yamekwishakuambia. Leon Kamin alionyesha hilo kwa panya mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwanza aliwafundisha kwamba kelele hufuatwa na shoti. Kisha akaongeza taa, kelele na taa kwa pamoja, na shoti ileile ikafuata. Mwisho akawasha taa peke yake. Panya hawakuiogopa kama walivyoiogopa wenzao ambao hawakupitia somo la kwanza.

Mwaka 1972 Rescorla na Allan Wagner waliyaweka haya katika kanuni fupi ya hesabu. Kiini chake ni kwamba mnyama hujifunza kwa kadiri anavyoshangazwa. Kila safari kuna pengo kati ya alichokitarajia na alichokipata, na anachojifunza ni sehemu tu ya pengo hilo. Kwa mfano wangu mwenyewe, tuseme kila safari anaziba nusu ya pengo, na chakula kina thamani ya 100. Safari ya kwanza hakutarajia kitu, pengo ni 100, anajifunza 50. Ya pili pengo limebaki 50, anajifunza 25. Ya tatu 12.5. Ndiyo maana mwanzo hupanda kwa kasi kisha hulegea, na ndiyo maana marudio ya mia moja hayaongezi karibu chochote. Ukiileta ishara mpya wakati pengo limekwishazibwa, inakuta hakuna kilichobaki cha kugawana. Filimbi ilichelewa, basi.

Kanuni hiyo inapendeza hadi mtu anatamani iwe kweli yote, na mimi nilitamani. Haiko hivyo. Inasema kwamba ukiacha kuleta chakula baada ya ishara, matarajio yanashuka hadi sifuri na somo linafutika. Lakini Pavlov mwenyewe alikuwa ameshaona kwamba mbwa aliyeacha kutoa mate, akipumzishwa kidogo kisha akasikizishwa ishara tena, huanza upya kudondosha. Kwa hiyo somo lilikuwa limefunikwa tu. Hata lile jaribio la Kamin si imara kama vitabu vya kufundishia vinavyolionyesha. Mwaka 2016 kikundi cha watafiti kilichapisha majaribio 15 yaliyotafuta matokeo hayo bila kuyapata. Hilo halifuti tafiti nyingine nyingi zilizoyapata, ila linaonyesha kwamba masharti ya kutokea kwake hayajulikani vizuri.

Isitoshe, si kila dalili inapokelewa kwa kila jambo. John Garcia na Robert Koelling, mwaka 1966, waliwapa panya maji yenye ladha na kila walipoyalamba, mwanga uliwaka na kelele ikasikika. Panya waliofanywa waugue baadaye waliikimbia ladha, na mwanga na kelele hawakuvijali. Waliopigwa shoti walifanya kinyume chake. Ni kana kwamba panya huja duniani akishuku kwamba tumbo likiuma, kosa ni la kinywa. Gundi haichagui kinachobandikwa, lakini panya alichagua.

Ushahidi wa pengo ulikuja kuonekana mahali pasipotarajiwa, ndani ya ubongo. Wolfram Schultz na wenzake walisikiliza seli za neva zinazotoa dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe, katika ubongo wa nyani. Nyani akipewa tone la juisi bila kutazamia, seli zinalipuka. Akishajifunza kwamba taa hutangulia juisi, seli zinalipuka kwa taa na zinanyamaza kwa juisi, maana juisi si habari tena. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zinashuka chini ya kiwango chake cha kawaida, na zinashuka wakati uleule juisi ilipopaswa kufika.

Kuhusu marudio, mbwa wa Pavlov wenyewe walikuwa wamekwishatoa ushahidi, ingawa haukuwa jaribio lililopangwa. Septemba 1924 mji wao, wakati huo ukiitwa Leningrad, ulifurika. Maji yaliingia mabandani na ikabidi mbwa waogeleshwe hadi mahali salama. Baadhi yao walipoteza refleksi walizofundishwa kwa miezi, zikawarudia polepole. Kisha Pavlov akaruhusu maji kidogo yapenyeze chini ya mlango wa chumba cha majaribio, kimyakimya. Mbwa mmoja aliyekuwa amepona akahangaika papo hapo, na masomo yake yakavurugika tena. Mafuriko aliyaona mara moja tu.