Waranti ya ziada ni nini, na lini inafaa kulipiwa

Ukinunua friji au televisheni mpya Darajani au Mlandege, mjini Unguja, mara nyingi bei yake imeshabeba waranti ya kiwanda, aghalabu ya miezi 12. Waranti ya ziada ni mkataba mwingine kabisa: unalipiwa kando, na kwa kawaida huanza kazi ile ya kiwanda inapokwisha. Anayeahidi safari hii huwa ni duka au kampuni ya bima, si kiwanda. Basi kabla ya kuuliza bei, uliza nani atakayelipa, na angalia jina lake limeandikwa.

Mkataba huu hulipia zaidi kasoro za utengenezaji. Kasoro hizo hujitokeza mapema, katika wiki au miezi ya mwanzo, wakati waranti ya kiwanda ingali hai. Kifaa kikivuka hapo hutulia miaka kadhaa mpaka uchakavu uanze. Mwaka wa pili na wa tatu, ndiyo hiyo unayouziwa, kwa kawaida ni miaka ya utulivu.

Visiwani petu kuna jambo zito zaidi. Vifaa hapa vinateswa na umeme na chumvi, na vyote viwili mara nyingi vimo kwenye orodha ya visivyolipiwa, kwa maandishi madogo. Chukua friji. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, inalazimishwa kuwaka wakati gesi bado ina shinikizo kubwa upande mmoja. Haiwezi kuzunguka, inavuta umeme mwingi, nyaya zake za ndani zinapata moto, na ikijirudia zinaungua. Fundi wa kampuni akiona dalili hiyo ataandika “hitilafu ya umeme”, na dai limeanguka. Kwa nyumba za pwani kama Nungwi au Paje, chumvi hula mabomba ya kiyoyozi, sehemu yake ya nje, mpaka gesi inavuja. Mkataba utaiita kutu.

Kwa hiyo pesa hiyo ianzie kwenye kinga: gadi ya friji inayochelewesha umeme dakika 3 hadi 5 unaporudi, na stebilaiza pale umeme unapopanda na kushuka.

Tupige hesabu. Televisheni ni shilingi 600,000, waranti ya ziada ya miaka 2 ni 90,000. Tuseme matengenezo ni 200,000, na katika televisheni 10 ni moja itakayoharibika kwa sababu inayolipiwa. Kwa wastani, ulichonunua kina thamani ya 20,000. Ili 90,000 yako irudi, ingebidi ziharibike 9 katika kila 20.

Usichanganywe pia na stika ya “kompresa miaka 10”. Mara nyingi inahusu kompresa yenyewe tu. Gesi, bodi ya umeme inayoendesha mashine, ufundi na usafiri ni juu yako.

Inafaa lini? Kwa televisheni kubwa, ambayo paneli yake, yaani kioo cha picha, ikifa bei inakaribia ya televisheni mpya, au friji na kiyoyozi cha inveta, yaani cha kompresa inayobadili kasi, chenye bodi ghali. Hata hapo, mkataba utamke wazi kuwa unalipia madhara ya umeme, useme matengenezo yanafanyika wapi, na kama ni Dar es Salaam, nani analipa boti kwenda na kurudi. Mnunuzi wa Wete au Chake Chake, kule Pemba, alitazame hili kwa makini zaidi. Uliza vilevile kama kipuri kikikosekana unapewa kifaa kipya au thamani iliyokwisha punguzwa kwa umri.

Bidhaa iliyoletwa kutoka Dubai huenda waranti yake haitambuliki huku. Mpe wakala wa Tanzania namba ya mashine aihakiki kabla hujalipa. Namba hiyo muuzaji aiandike kwenye risiti, kisha risiti uipige picha siku hiyohiyo, maana maandishi ya risiti za mashine hufifia kwa joto.