Seva iliyo tupu si lazima iwe nzima

Gatini Mokowe, abiria mwenye haraka hukimbilia boti yenye nafasi. Mwenyeji huangalia kwanza kama mashine yake inawaka. Kisawazisha mzigo, yaani programu inayogawa maombi kwa seva kadhaa, kikiwekwa `leastconn` hakiangalii: kinahesabu miunganisho iliyo wazi na kupeleka ombi penye michache, basi.

Chukua mfumo wa kukata tiketi za boti za kuvukia Lamu wiki ya Maulidi, seva tatu nyuma ya HAProxy, kisawazisha mzigo kimojawapo. Yakiingia maombi 90 kwa sekunde, kila seva hupata 30. Ombi moja likichukua sekunde 0.2, kila seva ina wastani wa miunganisho 6: 30 mara 0.2. Sasa seva ya tatu inashindwa kufikia hifadhidata. Haizimiki, inarudisha kosa 500 (hitilafu ya ndani ya seva) ndani ya milisekunde 4 na kufunga muunganisho. Kwa hesabu ya `leastconn` hiyo ndiyo seva isiyo na kazi, kwa hiyo maombi yanamiminika huko. Mbovu ni seva moja kati ya tatu, lakini makosa yanavuka theluthi kwa mbali.

Neno `check` peke yake kwenye mipangilio ya HAProxy halitaigundua, maana linajaribu tu kama mlango wa TCP unafunguka, yaani kama seva inakubali muunganisho. Weka `option httpchk GET /afya`, na ukurasa wa `/afya` uulize hifadhidata swali dogo kama `SELECT 1`. Kwa kawaida HAProxy hupima kila sekunde 2 na kuitoa seva baada ya kufeli mara 3, yaani kama sekunde 6. Kwa mwendo wetu hizo ni maombi 540 yaliyokwisha kupita. Ndiyo maana naongeza `observe layer7 error-limit 10 on-error mark-down`: makosa 10 mfululizo ya wateja halisi yanaitoa papo hapo. Ila `/afya` ikiwa inadanganya kwamba seva ni nzima, vipimo 2 vizuri vitairudisha baada ya sekunde 4, itolewe tena, irudi tena.

Ikirudi kweli, ina miunganisho sifuri na kache baridi (akiba ya data za haraka bado tupu), na `leastconn` itaitupia mzigo wote. `slowstart 60s` huipandisha uzito, yaani sehemu yake ya maombi, taratibu. Ongeza `maxconn 20` kwa kila seva, yaani isizidi miunganisho 20 kwa wakati mmoja, ili ziada ingoje foleni kwenye HAProxy.

Ukiwa na visawazishi kadhaa, kila kimoja kinaona miunganisho yake tu, na vyote huweza kuirukia seva ileile. Hapo tumia `balance random(2)`: seva mbili kwa bahati nasibu, ombi liende kwa yenye mzigo mdogo. Mwanasayansi wa kompyuta Michael Mitzenmacher alilichambua hilo katika tasnifu yake ya 1996. Seva mbovu bado itashinda kila ikichaguliwa, kwa hiyo `/afya` usiiondoe.